Tupeni mkaguzi, tuunde ndege: barua ya wazi kutoka Mji Mkongwe

Malindi, Mji Mkongwe,
Unguja.

Kwa:
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), Dar es Salaam;
Katibu Mkuu, Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, Zanzibar;
Mkurugenzi, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar.

YAH: OMBI LA KUUNDA NDEGE MOJA NDOGO YA MAFUNZO UNGUJA

Waheshimiwa,



Nawaandikia hadharani kwa sababu ombi langu halina ofisi moja ya kulipokea. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, na mwenye dhamana nalo ni TCAA. Mafunzo ya amali ni ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Uwanja wa Kisauni, ambao leo ni Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, unasimamiwa na Mamlaka ya Viwanja. Mwenye haja inayowagusa wote watatu hana budi kubisha hodi milango mitatu, na nusu ya umri wake itaishia barazani. Basi nimewakusanya kwenye barua moja.

Ombi lenyewe ni hili: waruhusuni wanafunzi wa amali wa Unguja waunde ndege moja ndogo ya kuunganisha, ya viti viwili, chini ya jicho la mkaguzi wa TCAA tangu riveti ya mwanzo hadi siku ya kuruka, na ikisharuka, waitunze wao wenyewe. Haitakuwa ndege ya biashara, wala ya kubebea watalii, wala ya kupigia picha na wakubwa siku ya sherehe. Itakuwa ndege ya kujifunzia kazi.

Naomba nieleze kwanza ni kitu gani hicho, maana wengi wakisikia kijana anaunda ndege huona mabati chakavu, injini ya gari bovu na ujasiri mwingi. Ndege ya kuunganisha ni kitu kingine. Imebuniwa na wahandisi, imejaribiwa kiwandani, na sehemu zake zimekatwa na kutobolewa kwa mashine. Inafika ndani ya masanduku: bati za mbawa, mifupa ya ndani ya bawa, mkia, matangi ya mafuta, nyaya za usukani, mifuko ya riveti, na kitabu kinene cha maelekezo kinachosema kipande gani kinaanza na kipi kinafuata. Mwenye kuiunganisha habuni chochote. Kazi yake ni kufuata, kupima na kuandika alichofanya. Huko Marekani chama cha waundaji wa namna hii, EAA, kilianzishwa mwaka 1953, na kampuni moja tu ya Oregon, Van's Aircraft, imeuza vifaa vya ndege ambazo zaidi ya 10,000 zimekwisharuka, nyingi zikiwa zimeungwa na watu kwenye magereji ya nyumba zao.

Na jambo hili halitokei ng'ambo peke yake. Mwaka 2019 ndege ya aina hiyo ilitua hapa kwetu. Vijana 20 wa Afrika Kusini, waliochaguliwa miongoni mwa waombaji wapatao 1,000, waliunganisha ndege ya viti vinne aina ya Sling 4 iliyotengenezwa na kiwanda cha Johannesburg, The Airplane Factory. Kisha baadhi yao wakaipeleka kutoka Cape Town hadi Cairo. Mwanzilishi wa mradi, Megan Werner, alikuwa na umri wa miaka 17. Walipitia Namibia, Malawi, Zanzibar, Tanzania Bara, Uganda na Ethiopia, na kila walipotua walikutana na vijana wenzao. Walifika Cairo mwezi Julai, baada ya wiki tatu za safari.

Hesabu yao ndiyo iliyonifanya nikae kitako. Sling 4 inakadiriwa kuhitaji saa 3,000 za kazi. Kwa mtu mmoja anayefanya kazi jioni na Jumapili, hiyo ni miaka. Kwa vijana 20 waliojitoa kutwa nzima, zilikuwa wiki tatu. Sasa chukueni darasa letu la amali. Wanafunzi 15, kila mmoja akitoa saa sita kwa wiki, wanazalisha saa 90. Saa 3,000 zinakwisha kwa wiki 34 hivi, na ndege ya viti viwili inataka saa pungufu ya hizo. Ongezeni likizo, mwezi wa Ramadhani, vipuri vilivyochelewa bandarini na kazi itakayovunjwa na kurudiwa. Bado tunazungumzia miaka miwili, ambayo ni muda wa kozi ya kawaida.

Afrika ya Mashariki haina uhaba wa watu wenye hamu. Uganda kulikuwa na Chris Nsamba, aliyeunda ndege Ntinda, Kampala. Kenya kuna Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtaalamu wa kompyuta aliyejiundia ndege. Kwetu Tanzania, Adam Kinyekile wa Tunduma alitia watu hamasa kwa helikopta aliyoiunda mwenyewe. Sina la kuwadharau. Anayewacheka ajaribu kwanza kunyoosha bati. Lakini tuwe wakweli juu ya namna tunavyowapokea. Anakuja mwandishi, inapigwa picha, kiongozi anaahidi, mitandao inashangilia wiki moja, kisha kimya. Umaarufu si cheti, na makofi hayapimi nguvu ya bawa. Mtu anayetumia akiba yake kuunda chombo cha kuruka anahitaji mkaguzi aje mapema, wakati kazi bado iko wazi na kosa linaonekana, wala si baada ya bati kufungwa na rangi kupakwa. Mkaguzi akija mwisho, hana cha kukagua ila rangi, na jibu lake la haki litakuwa hapana.

Ghana walifanya kwa mpango, na matunda yakaonekana. Katika kiwanja kidogo cha Kpong, karibu na Ziwa Volta, ndege za aina ya Zenith CH 701 ziliundwa na wenyeji kutokana na masanduku ya namna niliyoieleza. Msichana mmoja, Patricia Mawuli, alikwenda pale kutafuta kazi yoyote, hata ya kufyeka vichaka. Alijifunza kuunda ndege, akafuzu kufanya kazi kwenye injini za Rotax, akawa rubani, na baadaye akawafundisha wasichana wenzake. Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Morogoro, kampuni ya Airplane Africa Limited inaunganisha ndege ndogo za Skyleader, zenye asili ya Jamhuri ya Cheki, kwa mikono ya Watanzania. Kwa hiyo ndani ya nchi hii hii, chini ya mamlaka hii hii, bati la ndege limeshatobolewa na kugongwa riveti. Tunachoomba ni elimu hiyo ivuke bahari.

Mtaniuliza: kwa nini Unguja? Kwa sababu huku tunaishi kwa ndege. Mgeni anashuka Kisauni, anapanda ndege ndogo kwenda Pemba, Mafia, Selous au Serengeti, na akirejea analala kwenye hoteli inayolipa mishahara ya watoto wetu. Cessna Caravan zinanguruma juu ya mapaa ya Mji Mkongwe tangu alfajiri. Mtoto wa Malindi anaijua ndege kwa sauti kabla hajaiona. Akikua, kazi anazoziona karibu na ndege hiyo ni kubeba mizigo, kuendesha teksi na kuuza vinyago. Zote ni kazi halali na zinalisha watu. Lakini anayefungua kifuniko cha injini na kutia saini kwamba ndege hii iko salama, huyo hulipwa vizuri zaidi na huhitajika zaidi, na sioni kwa nini asitoke Jang'ombe au Makunduchi.

Na kisiwa hiki kimezaliwa na mafundi wa vyombo. Nendeni Nungwi mkaangalie fundi anavyosimamisha jahazi: anaanza na mkuku, anapachika mataruma, anayavisha mbao, anatia kalafati kila ufa, na mwisho anapaka sifa ili mbao zisipasuke kwa jua na chumvi. Hana mchoro wa karatasi. Vipimo vyote viko kichwani na kwenye tezo, na jina lake ndilo dhamana yake. Bawa la ndege nalo lina uti wake, mbavu zake na ngozi yake, na anayeliunganisha hufuata mpangilio ule ule wa ndani kwenda nje. Tofauti iko kwenye maandishi. Jahazi likivuja, nahodha anafua maji na kurudi ufukweni. Ndege haina ufuo wa karibu, kwa hiyo kila kitu huandikwa: nani alitoboa, nani alikaza, kwa nguvu kiasi gani, tarehe gani, nani aliangalia baada yake. Mikono tunayo. Nidhamu ya kuandika ndiyo tunayotaka vijana wetu waipate, nayo haipatikani kwa kusikiliza mhadhara.

Karakanani ninakofundisha nimeshawapa vijana zoezi la awali kabisa la kazi hii. Vipande viwili vya bati la alumini, upana wa kiganja, hupangwa kimoja juu ya kingine na kubanwa kwenye jiriwa. Wanapima, wanatia alama, wanatoboa, kisha wanavitenganisha na kulainisha kingo za kila tundu mpaka kidole kikipita hakikwami. Ndipo riveti zinapogongwa: mmoja ana nyundo ya upepo upande huu, mwenzake ameegemeza kipande cha chuma kizito upande wa pili. Kichwa kinachojitengeneza kule nyuma kina kipimo chake: upana uwe mara moja na nusu ya unene wa riveti, na kimo kiwe nusu ya unene huo. Riveti ya milimita 3.2 inatakiwa itoe kichwa cha upana wa milimita 4.8 na kimo cha milimita 1.6. Kikiwa kimelala upande, kimepasuka au kimebabatana kupita kiasi, riveti hutobolewa ikatolewa. Tundu likiwa limepanuka, hutiwa riveti nene zaidi, au bati zima hutupwa. Kijana aliyezoea kugonga geti la chuma na kuambiwa "inatosha" hukasirika mara ya kwanza. Wiki mbili baadaye yeye ndiye anayeshika kipimo na kuwakatalia wenzake. Zoezi hilo halikuhitaji ndege wala kibali, na limebadilisha hata madirisha wanayotengeneza.

Kuunda, hata hivyo, ndiyo nusu nyepesi. Kutunza ndiko kunakofanya watu wawe mafundi, na Unguja ndiyo skuli yenyewe, kwa sababu ya bahari. Piteni Shangani muangalie madirisha ya alumini ya nyumba zinazotazama maji. Pale skrubu ya chuma ilipopenya fremu, utaona unga mweupe umejikusanya, na rangi imevimba kama ngozi iliyoungua. Ukikwangua kwa ukucha, alumini iliyo chini imeliwa, imebaki na vishimo. Chumvi, unyevu na metali mbili zisizo za jinsi moja zikikutana, metali moja hula nyingine. Dirisha likiliwa, mwenyewe huweka jingine. Kwenye ndege jambo lile lile hutokea ndani ya mbawa, mahali ambapo jicho halifiki mpaka mtu afungue kifuniko, awashe tochi, na ajue anatafuta nini.

Ndiyo maana ndege ya Unguja haitaundwa kama ndege ya Johannesburg. Kila bati litapakwa dawa ya kuzuia kutu ndani na nje kabla halijafungwa. Kila bolti ya chuma itakayokutana na alumini itapakwa pia. Ndege itaoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, itafunikwa, na haitalala nje kipindi cha kaskazi wala cha kusi. Injini za Rotax 912, zinazotumika sana kwenye ndege za namna hii, zina ratiba yake inayojulikana: oili kila baada ya saa 100 za kuruka, au mapema zaidi mafuta yakiwa na madini ya risasi, paipu zote za mpira zibadilishwe kila miaka mitano hata kama zinaonekana mpya, na injini nzima ifunguliwe na kufanyiwa matengenezo makubwa ikifikisha saa 2,000 au miaka 15. Katika joto na chumvi ya hapa, mpira hauangalii saa za kuruka, unaangalia kalenda. Kijana atakayelielewa hilo kwenye ndege ndogo hatahitaji kufundishwa upya akikabidhiwa kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee, ila huku juu hakuna nafasi ya kujenga ukuta.

Sitawaficha hatari, kwa kuwa mnaijua kuliko mimi. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilichunguza ndege za kujiundia na kutoa ripoti mwaka 2012. Ndege hizo zilikuwa karibu asilimia 10 ya ndege ndogo za watu binafsi nchini humo, lakini mwaka 2011 zilichangia asilimia 15 hivi ya ajali zote za kundi hilo, na asilimia 21 ya ajali zilizoua. Anayetaka kutukatalia anaweza kuishia hapo akafunga faili. Mimi naomba tuangalie watu hao wanakufa kwa nini.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa mwanamuziki John Denver, aliyefariki tarehe 12 Oktoba 1997 katika ghuba ya Monterey, California. Alikuwa akirusha ndege ya kujiundia aina ya Long-EZ aliyoinunua kwa mtu mwingine. Aliyeiunda aliihamisha koki ya kuchagulia tangi la mafuta kutoka mahali mbunifu alipoiweka, akaipeleka nyuma ya bega la kushoto la rubani. Haikuwa na maandishi ya kuonyesha upande upi ni tangi lipi. Ili kuifikia, rubani alilazimika kuachia usukani na kujigeuza kitini. Tangi moja lilipokaribia kukauka, akageuka kuitafuta koki, na ndege ikamponyoka ikaanguka baharini. Ndivyo wachunguzi walivyohitimisha: koki iliwekwa pabaya, haikuwa na alama, vipimo vya mafuta navyo havikuwa na alama, na rubani hakuwa amezoezwa vya kutosha kwa ndege ile.

Hakuna katika hayo kinachohitaji teknolojia ya ajabu kukizuia. Mkaguzi mmoja angekaa kwenye kiti cha rubani, akafunga mkanda, akanyoosha mkono kutafuta koki, angesema: "Hii irudi mahali pake." Hiyo ni kazi ya dakika tano, kwa mtu aliyekuja kwa wakati.

Mfano wa pili ni wa karibuni. Baadhi ya wateja wa Van's Aircraft walikuta nyufa ndogo kwenye kingo za matundu ya bati zilizokatwa kwa leza. Kubadilisha sehemu hizo, pamoja na gharama nyingine zilizopanda, kuliitikisa kampuni hiyo hadi ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Desemba 2023. Kwa hiyo hata sanduku likitoka kwa muuzaji mkubwa kabisa, halipokewi kwa imani tupu. Jicho la anayeunda, lililofundishwa kuangalia tundu moja moja, ni sehemu ya usalama wa ndege. Jicho hilo ndilo tunalotaka kulikuza.

Wamarekani wenyewe hawakulipiga marufuku jambo hili, waliliwekea kanuni. Sehemu kubwa ya kazi lazima ifanywe na watu wanaoifanya kwa ajili ya elimu au burudani yao, ndiyo inayoitwa kanuni ya asilimia 51. Ndege mpya hurushwa kwanza kwenye eneo lililotengwa kwa kawaida kwa saa 25 au 40, kulingana na injini na propela yake. Hukaguliwa kila mwaka. Aliyeiunda anaweza kupewa cheti cha kuifanyia ukaguzi huo ndege yake, na hiyo tu. Elimu imetajwa ndani ya kanuni yenyewe. Nchi yenye sheria ngumu za anga imekubali kwamba mtu kujifunza ni sababu tosha ya kumruhusu aunde ndege, ilimradi asimamiwe.

Sasa naomba kwa utaratibu.

Kwanza, TCAA mtoe mwongozo mfupi kwa Kiswahili unaosema: anayetaka kuunda ndege ya kuunganisha aanzie wapi, ajaze fomu ipi, nani anamkagua, katika hatua zipi, kwa gharama gani, na ndege itapataje usajili wa Tanzania (5H) na kibali cha kuruka. Kanuni za Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki zinaoanishwa na wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, iliyoko Entebbe, kwa hiyo mwongozo huo utawafaa pia Mkenya na Mganda mwenye hamu ile ile. Hata kama kila kitu kimo ndani ya kanuni zilizopo, fundi wa Mwanakwerekwe hawezi kukitoa humo bila wakili.

Pili, mtuteulie mkaguzi mmoja, aje kwenye vituo vinavyojulikana mapema: masanduku yakifunguliwa, mkia ukikamilika, kila bawa kabla halijafungwa, mfumo wa mafuta kabla ya kutiwa petroli, injini kabla ya kuwashwa, na ndege nzima kabla ya kuondoka ardhini. Asiporidhika, kazi isimame. Tutamlipia nauli ya boti na malazi, na sahihi yake tutaiheshimu.

Tatu, Wizara iifanye kazi hii kozi inayotambuliwa, yenye cheti kinachohesabika mwanafunzi akiomba kuendelea na masomo ya matengenezo ya ndege katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam. Vituo vya amali vya Mwanakwerekwe na Mkokotoni kwa Unguja, na Vitongoji kwa Pemba, vinao vijana wanaojua kushika drili na tupa. Walimu wapelekwe Morogoro wakakae na mafundi wa huko. Na nusu ya nafasi ziwe za wasichana. Ghana imeshatuonyesha kwamba hilo linawezekana.

Nne, Mamlaka ya Viwanja itupe banda. Halihitajiki jengo jipya. Paa lisilovuja, sakafu ya saruji, umeme wa uhakika, mlango wa kutosha kupitisha bawa, na uzio unaoridhisha watu wa usalama. Kama ndani ya uwanja hakuna nafasi, karakana iwe nje, na banda litakuja kuhitajika mwishoni.

Tano, kodi. Masanduku yatateremka bandari ya Malindi, na hapo hapo maswali yataanza: haya ni mabati, ni mashine, ni vipuri au ni ndege? Tunaomba mlimalize hilo na wenzenu wa Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla meli haijaondoka ilikotoka, jibu liwe kwenye barua yenye muhuri. Ndege iliyokaa kwenye kontena bandarini miezi sita imeshaanza kuliwa na chumvi kabla haijaundwa.

Najua yatakayosemwa. Yatasemwa ya gharama. Masanduku, injini na vyombo vya rubani, vyote pamoja ni makumi ya maelfu ya dola, na skuli zetu nyingine bado zinasubiri madawati. Siombi fedha ya madawati. Naomba ruhusa, mkaguzi na banda. Fedha tutazitafuta kwa wenye hoteli na kwa makampuni ya ndege yanayopata riziki kisiwani hapa, ambayo ndiyo yatakayowaajiri vijana hawa. Lakini hakuna mfadhili mwenye akili atakayetoa senti kwa mradi usio na njia ya kisheria. Ruhusa ikitoka, sahani ya kuchangisha itapata pa kuwekwa.

Yatasemwa ya hatari kwa wananchi. Ni kweli, na ndiyo maana siombi ndege hii ijaribiwe juu ya Mji Mkongwe wala Ng'ambo, wala katikati ya ndege kubwa za Kisauni zinazoacha upepo mkali nyuma yao. Mbawa zifunguliwe, ivushwe kwa boti, ikajaribiwe bara kwenye kiwanja tulivu mtakachokichagua, na rubani mzoefu wa ndege za aina hiyo, akiwa peke yake, mpaka saa zote za majaribio zitimie. Hakuna mwanafunzi atakayepanda kabla ya hapo. Nitakuwa wa kwanza kusimamisha mradi nikiona haraka ya kuwahi sherehe ya Mapinduzi au ziara ya kiongozi. Tarehe ya kuruka itatangazwa na daftari la ukaguzi, si na kamati ya maandalizi.

Na yatasemwa kwamba ndege moja haitoi ajira kwa mtu. Hiyo ni kweli nayo. Inatoa mafundi 15 ambao wamegusa kila nati ya ndege kwa mikono yao, wameandika kila walichogusa, wamekataliwa kazi mbovu na mkaguzi wa serikali na wakairudia. Kampuni yoyote ya ndege itajua la kufanya na kijana wa aina hiyo. Na kundi la pili litakapoingia, ndege itakuwepo ya kufungua, kukagua na kufunga tena, mwaka hadi mwaka, kwa kadiri chumvi ya Unguja itakavyotupa kazi.

Waheshimiwa, tunaomba mkutane, ninyi watatu, hata kwa saa moja, na mtujibu kwa maandishi. Jibu likiwa ndiyo, tupeni jina la mkaguzi tuanze kutafuta sanduku. Likiwa hapana, andikeni sababu moja moja, ili tujue lipi la kurekebisha kabla ya kuomba tena. Tutaomba tena.

Wabillahi tawfiq.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa karakana ya vyuma,
Malindi, Mji Mkongwe.